Maneno Niliyoyanyoosha Nikiwa Mkalimani

Wainjilisti wenzangu vijana,

Siku mliponiaga pale usharikani mlinipa kiti cha kuegemea na saa ya ukutani, kisha mmoja wenu akasimama akasema Baba asiondoke hivi hivi, atuandikie jinsi ya kumtambua mwalimu wa uongo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikubali kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umejaa wali. Leo kiti ninakikalia, saa nimeitundika, na ahadi imebaki. Ninaitimiza, ingawa nadhani mliyemwomba siye. Mkifika mwisho mtaona kwa nini.

Habari za vyeo na uhamisho siziandiki. Hazikumsaidia mtu yeyote, hata mimi. Nianze na siku ya kwanza.

Nilitoka Bujonde, kwa wazazi wa mpunga na kokoa, nikapangiwa mtaa wa ufukweni, kati ya Matema na Lyulilo. Nilifika Jumapili jioni na baiskeli, kitabu cha nyimbo cha Kinyakyusa, na suti moja ambayo mama alikuwa ameikunja vizuri mno, ikabaki na mistari kama ramani. Aliyenipokea ni Mzee Andulile, mwinjilisti aliyekuwa amekaa pale miaka mingi. Nilitegemea anionyeshe mimbari. Yeye akanipa daftari tupu, akaniambia nilale mapema, kazi inaanza Jumatatu.

Jumatatu tulipita kwa akina mama watatu wazee. Kila mmoja Andulile alimsalimia, akakaa, akasifu ndizi zake, kisha akauliza swali moja tu: "Jana kanisani ulisikia nini?" Hakuuliza mchungaji alisema nini. Mchungaji alikuwa amehubiri habari ya kondoo aliyepotea. Bibi wa kwanza akasema alisikia kwamba mbinguni kuna furaha. Wa pili akasema alisikia usingizi, Kyala, yaani Mungu, amsamehe. Wa tatu akasema amefurahi sana kusikia wazee wa kanisa sasa watakuwa wanatafuta mifugo ya watu, kwa sababu mbuzi wake hajaonekana tangu Alhamisi.

Mimi nilicheka. Andulile hakucheka. Akaniambia niandike yote matatu, kisha tukaenda kumtafuta yule mbuzi.

Njiani alinieleza, na hili ndilo la kwanza ninalowapa. Mafundisho ni kile kinachobaki kwa msikilizaji asubuhi ya pili, anapokoka moto. Ukitaka kujua kama kuna uongo umeingia mtaani, usimvizie mhubiri. Nenda jikoni kwa watu, uliza walisikia nini, andika bila kuwasahihisha, kisha ufungue Maandiko usome sura yote, siyo mstari ule mmoja uliotolewa kama jino. Daftari lile nilijaza, nikajaza jingine. Mpaka nastaafu nilikuwa na sanduku zima.

Kwa njia hiyo tulipambana na mengi. Mhubiri mmoja alifika Bujonde akafundisha kwamba dunia itaisha kabla ya mavuno. Watu wakaacha kupalilia, kokoa zikaozea mitini. Andulile hakubishana naye hata neno. Alinichukua tukapita nyuma ya nyumba aliyofikia yule mgeni, tukakuta kitalu cha mpunga alichokisia mwenyewe siku chache tu zilizopita, amekizungushia miiba kuku wasiingie. Andulile akawaita wazee wawili waje kukitazama. Mkutano ule uliisha kabla ya dunia.

Mwingine alikuwa kule Njisi, karibu na mpaka. Huyu kila aliyemuuliza swali alimwambia ana roho ya maswali, akaombewa mpaka akanyamaza. Siku hiyo alikuwepo mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mwenye ndugu ng'ambo ya Malawi, amesimama pembeni na marobota yake akisubiri usafiri. Akauliza kwa upole, "Na asiyeuliza, huyo ana roho gani?" Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kilifanya kazi ambayo mimi na mahubiri yangu tusingeiweza. Nimeikumbuka kila mara. Mwalimu wa kweli ukimuuliza anafurahi, hata kama hana jibu.

Haya yalikuwa mepesi. Sasa nije kwenye kazi ambayo hakuna aliyenifundisha, nayo ndiyo iliyoniharibu.

Mnajua wageni wengi wanaokuja kuhubiri huku wanahubiri kwa Kiswahili, na mnajua kwamba mama zetu wazee Kiswahili wanakisikia kama mvua juu ya bati. Lazima awepo mkalimani. Nilipewa maiki siku moja kwa sababu aliyepangwa alikuwa na homa, na sikuirudisha tena. Nilikuwa na sauti, na nilikuwa na pumzi. Ukalimani unataka usimame nusu hatua nyuma ya mhubiri, usimtazame yeye, utazame watu. Vuta pumzi anapovuta. Akiinua mkono nawe inua, lakini chini kidogo. Spika zetu ziliendeshwa kwa betri ya gari, na betri ikichoka sauti huwa nene kama ya mtu aliyekula viazi vya moto, hapo fupisha.

Mwaka wa kwanza wa kazi hiyo alikuja mgeni kutoka mjini, tukiwa bado na msiba mzito mtaani. Akasema anayelia msibani hana imani. Nilitazama watu. Mbele yangu walikaa wanawake ambao walikuwa wamelala kwenye mkeka wa msiba siku nne. Kwetu mgeni haaibishwi mbele za watu. Hilo tumelelewa nalo kabla ya kujua kusoma. Nikainua mkono wangu, chini kidogo ya wake, nikasema kwa Kinyakyusa: lieni, lakini msilie kama watu wasio na tumaini. Wanawake wakaitikia, "Ndaga fijo," asante sana, mgeni akatabasamu akidhani wanamshukuru yeye.

Jioni Andulile aliniambia, "Umehubiri vizuri leo. Yule mgeni je, yeye alisema nini?"

Niliichukua kama sifa. Alikufa miaka miwili baadaye, na mimi nilikuwa bado naichukua kama sifa.

Basi ikawa desturi yangu. Mgeni akiteleza, mimi nanyoosha. Mmoja akisema maskini wamelaaniwa, mimi nasema maskini wanakumbukwa. Nilijiona mlinzi wa zizi. Hakuna aliyegombana na mtu, hakuna mgeni aliyeaibika, na watu walirudi nyumbani na chakula safi. Kwenye daftari langu la Jumatatu kila kitu kilikuwa sawa, na kwa nini kisiwe sawa? Nilikuwa nakusanya maneno yangu mwenyewe.

Sasa niwajulishe kwa Sekela.

Sekela alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilifika Lyulilo kwa mtumbwi kila siku ya gulio, vimefungwa kwa majani makavu. Ni yeye aliyenifundisha kununua chungu. Nilikuwa nimechagua kimoja chekundu, kizuri, kwa mwenzake, akanicheka mbele ya soko zima. "Mwinjilisti ananunua kwa macho," akawaambia wenzake. Akakishika mdomoni, akakigonga kwa kiungo cha kidole. Kikatoa sauti fupi, iliyokufa. Kulikuwa na ufa, umejazwa tope laini na kusuguliwa masizi, jicho lisingeuona. Akagonga cha kwake, kikaimba. Hicho nilikinunua. Kiko hapa pembeni, kina maji.

Alikuwa na kifafa tangu utotoni. Watu walisema mengi kuhusu hilo, na kwa miaka mingi alifichwa ndani. Andulile na mimi ndio tuliompeleka zahanati mara ya kwanza, tukakaa naye kwenye benchi mpaka alipoitwa. Vidonge alivihifadhi kwenye kijungu kidogo chenye kifuniko alichokifinyanga kwa kazi hiyo tu. Kila asubuhi alimeza kabla ya kugusa udongo. Alikaa zaidi ya miaka kumi bila kuanguka. Akapata binti, Bupe, akamfundisha kazi. Bupe alinipenda kama baba. Kila akiniona alinipokea kwa Kinyakyusa, "Mugonile, taata," umelalaje, baba, hata kama ni saa tisa alasiri na hakuna aliyelala.

Kisha akaja yule ambaye watu walimwita Mtumishi. Jina lake halina faida hapa.

Msifikiri alikuwa na pembe. Alikuwa mpole kuliko wachungaji wetu wengi. Alikumbuka majina. Alisaidia kushusha vyungu mtumbwini mpaka shati likachafuka. Siku mbili za kwanza za mkutano alihubiri vizuri kiasi kwamba sikuwa na kitu cha kunyoosha, nikafurahi. Siku ya tatu akasema, "Anayemeza kidonge anamwambia Mungu, wewe hunitoshi."

Nilitazama watu. Sekela alikuwa mstari wa pili, amejifunika kanga.

Nikasema kwa Kinyakyusa: anayemeza kidonge asisahau kumshukuru Mungu.

"Ndaga," akaitikia Sekela na wenzake.

Alirudi mwaka uliofuata, na mwingine tena. Kila mara alisema lile lile, na kila mara nililinyoosha. Sikwenda kumwambia faraghani kwamba anakosea. Sikumwambia mchungaji. Sikuwaambia watu. Nilijiambia kwamba nikisema patakuwa na ugomvi, na hivi hakuna anayedhurika. Nawaomba mlisome hilo mara mbili, kwa sababu mtaziambia nafsi zenu hilo siku moja, na litasikika kama hekima.

Sikuona kwamba uwanja ule ulikuwa na mikutano miwili. Vijana waliojua Kiswahili walimsikia Mtumishi. Wazee walinisikia mimi. Vijana wakamfuata kwa sababu ya maneno yake, na wazee wakamfuata kwa sababu ya maneno yangu, na wote waliporudi nyumbani walikubaliana kwamba huyu ni mtu wa Mungu. Kama ningekaa kimya tangu mwanzo, wale mama wasingempenda hata kidogo. Mimi ndiye niliyemjengea.

Mwaka wa nne Mtumishi hakuhitaji mkalimani. Alikuwa ameoa binti wa Kinyakyusa, naye akawa anamtafsiria kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba. Huyo binti alikuwa mwaminifu. Alitafsiri kila neno kama lilivyosemwa.

Jumatatu moja nilipita kwa Sekela, nikamkuta anakanda udongo. Nilimuuliza Jumapili alisikia nini. Akasema amesikia habari njema, ameacha vidonge, sasa ni wiki mbili. Kile kijungu alikuwa amekiuza.

Nilikaa chini. Nilimweleza kwa utaratibu kama ninavyowaeleza ninyi. Dawa ni msaada wa Mungu kama mvua ilivyo msaada kwa mpunga. Mtumishi anafundisha uongo, na amekuwa akiufundisha tangu mwaka wa kwanza. Hakuacha kukanda.

"Tangu mwaka wa kwanza?" akauliza. "Mbona mimi sikusikia?"

Nikamwambia kwamba nilikuwa nabadilisha.

Hapo mikono ikasimama. Alinitazama bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoacha kitu.

"Taata," akasema, "mimi Kiswahili sijui. Yule mtu nisingeweza kumgonga. Nilikugonga wewe. Nikasikia mzima."

Nikamsihi arudi zahanati, nitampeleka mwenyewe siku ile ile, kwa baiskeli, kwa mtumbwi, kwa miguu. Akatikisa kichwa. Akaniuliza, kama nilimdanganya miaka mitatu nikiwa na sura hii hii, atajuaje kwamba leo ndiyo siku ya kweli? Mtumishi, alisema, angalau hajabadilisha neno lake. Na hilo lilikuwa kweli.

Nilirudi siku iliyofuata na mganga wa zahanati. Nilirudi na mchungaji. Nilirudi na vidonge mfukoni. Kila mara alitupa ndizi, akatushukuru, akaendelea na kazi. Bupe alimsihi pia, akalia. Siku ya kumi na tisa tangu Jumatatu ile, asubuhi, jua limeshapanda, Sekela alishuka ziwani kuosha vyungu. Maji yalikuwa ya magotini. Bupe alikuwa amepanda mara moja kuleta kuni. Aliporudi aliona vyungu vinaelea, na hakumwona mama yake.

Niliandika neno magotini na kulifuta mara kadhaa. Nimeliacha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mazishini watu walikuwa wengi sana. Mtumishi alikuja. Mke wake alikuwa amejifungua, hakuweza kufika, na wazee, kwa heshima yote, wakaniita mimi nitafsiri. Nilisimama nusu hatua nyuma yake kama zamani. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitanyoosha tena hata neno moja, mradi watu wasikie uongo ukiwa uchi, wauone. Nilidhani hiyo itatosha.

Akasema, "Dada yetu alianza vizuri, lakini alibakiza shaka moyoni. Angeamini kabisa, leo angekuwa hai."

Nikatafsiri vivyo hivyo. Kila neno. Nikasubiri watu wanung'unike.

Bibi mmoja mbele yangu akainamisha kichwa taratibu, akasema, "Ndaga." Mwingine naye akasema. Ilikuwa ni ile sauti waliyonipa kwa miaka yote, kwa utii ule ule. Uongo ulikuwa umewafikia kwa mdomo wangu, na mdomo wangu walikuwa wameshaukubali zamani.

Ndipo Bupe akasimama kutoka kwenye mkeka wa wafiwa. Hakupaza sauti. Akauliza kwa Kinyakyusa, "Taata, hayo ni yake au ni yako?"

Nikasema ni yake.

"Na ya siku zile?"

 Niliwageukia watu, nikasema kwa nguvu zangu zote kwamba hayo ni mafundisho ya uongo, kwamba Sekela hakupungukiwa imani, alipungukiwa kidonge, na kwamba siku zile mimi niliwaficha maneno yake. Watu walinitazama mimi, wakamtazama Mtumishi, wakanitazama tena. Mdomo mmoja, mahubiri mawili, chini ya dakika tano. Mtumishi akaniwekea mkono begani, akawaambia kwa upole, "Baba yetu amechoka. Alimpenda sana marehemu." Mtu akaniletea kiti. Wakanipepea kwa kanga.

Hivyo ndivyo mimi niliyeijua kweli nilivyopewa maji ya kunywa na kunyamazishwa, kwa wema tupu.

Mtumishi sasa ana jengo la tofali. Jumapili linajaa. Mimi nilibaki kazini, nikatafsiri kwa uaminifu, na mgeni alipokosea nilisimamisha tafsiri nikasema: hivyo ndivyo alivyosema, na mimi sikubaliani, someni wenyewe sura hii. Wageni wawili walikasirika, mmoja alinishukuru. Wazee walisema Baba ameanza kuwa mkali uzeeni. Sijui kama yupo hata mmoja aliyerudi kutoka kwa Mtumishi kwa sababu yangu. Ningependa kuwaandikia kwamba yupo.

Basi mlichoniomba ni hiki. Mwalimu wa uongo mtamjua kwa mambo mnayoyajua tayari. Hapendi swali. Anakukatia msaada ulionao kabla ya kukupa mwingine. Ukipona amekuponya yeye, ukifa umejiua wewe. Kumjua si kazi ngumu. Mimi nilimjua siku ya tatu. Kazi ni kumwambia mtu, siku ile ile, kwa sauti inayosikika, mgeni akiwa bado yuko pale na chai yake haijapoa. Mkiingoja siku isiyo na aibu, mtaingoja na watu wenu. Ninyi mna miaka mbele, na mna mioyo mizuri, nimewaona. Anzeni mapema kuliko mimi, wakati neno lenu bado linaimba likigongwa.

Jumatatu hii iliyopita nilichukua daftari, nikaenda ufukweni, ingawa hakuna anayenituma tena. Bupe alikuwa anafinyanga mahali pale pale pa mama yake. Hasali kwa Mtumishi, na kwetu hasali. Nilikaa, nikasifu ndizi zake, nikamuuliza kwa Kinyakyusa Jumapili alisikia nini.

Alifuta mikono, akainama kwa adabu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akiwa mtoto akanijibu kwa Kiswahili.

"Shikamoo, Baba Mwinjilisti," akasema. "Siku hizi simsikilizi mtu."

Niliandika hivyo hivyo, sikumsahihisha.